Maji ya Saa Moja Asubuhi

Mwanangu Issa,

Kabla hujaendelea, tazama kama kuna mtu nyuma yako. Kama yupo, kunja karatasi uitie kifuani, usome ukiwa peke yako. Yaliyomo humu hajayasikia mtu yeyote, hata mama yako, hata mjomba wako Ndahani ambaye anastahili kuyasikia kuliko wewe. Nakuomba, neno hata moja lisitoke kinywani mwako. Ukishasoma, choma. Majivu nayo uyasage kwa vidole, maana nimefanya kazi bomani miaka saba na nimeona karatasi iliyoungua nusu ikimpeleka mtu kwenye mnyororo.

Naandika hapa hapa ofisini. Ni saa nane na nusu, bwana mkubwa amelala usingizi wake wa mchana, na askari wa mlangoni anasinzia akiwa amesimama. Nikisikia hatua nasukuma barua chini ya daftari la mifugo na kushika kalamu kama mtu anayenakili. Ukiona mahali wino umechafuka, ujue mtu alipita.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya tumbo na ya kutolala na viatu mama yako ameshakuambia, na najua atakuambia tena kesho alfajiri wakati mzigo uko tayari begani. Hivi sasa yuko nyumbani anakufungia mlenda mkavu na unga wa uwele, akiimba. Anafurahi kwamba unakwenda Haneti, kwa mama yake. Wewe nawe tangu habari ilipokuja unarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mzungu kijana kutoka chuo kikuu cha kwao amekuchagua wewe, mtoto wa miaka kumi na minne, uwe mwandishi wa vipimo vyake vya maji kwa kiangazi chote. Mbele ya watu nilisema nimefurahi.

Sikufurahi. Nataka ujue kwa nini alikuchagua wewe.

Ana kitabu. Umekiona, kile chenye jalada la kijani anachokibeba kwenye mkoba wa ngozi. Kiliandikwa na mwanafunzi mwenzake aliyekuja huku kabla ya reli, na ukurasa mmoja unasema kwamba vipimo vilichukuliwa na karani mwenyeji, mtu wa kuaminika. Karani huyo ni mimi. Ndiyo maana alipofika bomani aliuliza, "Yule karani ana mtoto anayejua kuandika?"

Ulikuwa na miaka sita, huenda umesahau. Tulikaa kwa wakwe zangu, upande wa Nzuguni, mimi Mrangi wa Kondoa katikati ya Wagogo, nimetoka shule ya pwani na cheti changu, sina kazi. Akaja yule Mzungu wa kitabu. Hakuwa bwana mkubwa wala mwanajeshi. Alikuwa mwanafunzi, mwembamba, ndevu hazijajaa, na watoto walimwita Bwana Kamba. Alitaka kujua nchi hii kavu ina maji kiasi gani chini ya mchanga, aandike kitabu, walimu wake wakikubali apewe jina la Daktari. Alimwogopa mwalimu wake kama sisi tunavyomwogopa bwana mkubwa. Usiku mmoja alipougua homa alimtaja, akiomba msamaha. Sikumchukia hata kidogo, na simchukii leo.

Visima vya pale unavijua. Ni mashimo kwenye mchanga wa korongo, yenye kina cha watu watatu waliopandana mabega. Korongo lina maji ya kuonekana kwa wiki chache za mvua tu, miezi mingine yote maji yamejificha. Kazi yangu ilikuwa rahisi. Nilipewa kamba yenye kipande kizito cha risasi mwishoni na mafundo yaliyopangwa sawasawa. Naipaka chokaa, naishusha shimoni, naipandisha, chokaa iliyolowa inakuwa nyeusi, nahesabu mafundo yaliyolowa, naandika. Kila siku, saa moja asubuhi, bila kukosa. Bwana Kamba alisisitiza saa ile ile. Alisema ukibadilisha saa, tarakimu haziwezi kulinganishwa, na alikuwa na haki.

Basi nilipima. Mafundo kumi na moja. Kesho yake kumi na moja. Baada ya mwezi, kumi na nusu. Kiangazi kilizidi kuwa kikali, ng'ombe walianza kutoka mbavu, na kamba yangu ilisema kumi. Bwana Kamba alichora mstari kwenye karatasi, mstari mzuri uliolala kama nyoka aliyeshiba, akanipiga begani. "Karani, hapa kuna maji mengi sana. Hakuna anayejua ila mimi na wewe."

Sasa sikiliza jambo ambalo yeye hakulijua na mimi nililijua.

Kile kisima kilikuwa cha ukoo wa bibi yako, mama mkwe wangu. Wewe umekulia kwao, unajua heshima ya mkwe. Mimi na yeye hatuonani uso kwa uso, hatupishani njia moja, na ni aibu kubwa nimkute akiwa shimoni, kitambaa kiunoni tu, mgongo wazi, anakwangua mchanga. Kwa hiyo wanawake walipojua kwamba mkwe atakuja kisimani kila asubuhi na kamba ya serikali, walikubaliana kutoshuka mpaka nimalize. Walizoea kuteka tangu alfajiri. Sasa wakawa wanangoja vichakani na vibuyu vyao, na kisima kilicholala usiku kucha kikijaa maji polepole, nilikikuta hakijaguswa.

Niliwasikia kila siku. Mdogo wake mama yako, Mbeleje, ambaye kwake mimi ni shemeji na utani unaruhusiwa, alipaza sauti kutoka kwenye miiba, "Shemeji, umekuja kuoa kisima sasa? Dada yangu amekuchosha?" Wenzake wakacheka. "Hicho kisima hakikui kama ndama! Cha nini kukipima kila siku?" Bibi yako hakuwahi kunielekezea neno. Alisema na mbuzi wake. "Wewe mbuzi, mwambie mwenye kamba afanye haraka, watoto wana kiu."

Siku moja Bwana Kamba alifuatana nami. Akatazama huku na huku. "Karani, mbona hapa hakuna mtu? Watu wapi?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lilihitaji maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimesoma, Issa. Nilikuwa na koti. Nilitaka anione mtu wa vitabu, asinione mtu ambaye mama mkwe wake anamkimbia vichakani. Nikasema, "Bado wamelala, bwana."

"Wamelala? Na jua lote hili?" Akacheka, akaandika kwenye kijitabu chake. Wanawake ishirini walioamka kabla ya ndege walikuwa hatua chache kutoka pale, kimya, wanamsikia. Ukikifungua kile kitabu cha kijani utaona imeandikwa kwamba watu wa korongo lile huchelewa kuamka. Maneno hayo ni yangu, hayakuwa ya kwake.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ndilo linaloninyima raha.

Alasiri moja nilitumwa na barua, nikakata njia kwa kupita korongoni, nimesahau saa. Nikatokea kisimani ghafla. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye vipandio vya shimo, mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana vibuyu, na kila kibuyu kilichukua muda mrefu kufika. Chini kabisa alikuwa bibi yako, amepiga magoti. Alikuwa anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anangoja mchanga utoe jasho, anakwangua tena. Maji hayakufika kwenye vifundo vya mikono yake. Akainua uso, akaniona. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mzima, akajifunika kichwa kwa mikono yenye tope. Nilikimbia. Kwa aibu ile nilipeleka mbuzi, na jambo likaisha kwa mila.

Kwa upande wa maji halikuisha. Jioni nilikwenda hemani. Nakuapia nilikwenda. Nikasema, "Bwana, alasiri maji ni kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo sana, bwana."

"Umepima?"

"Sikupima."

"Basi hujui." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mwalimu mzuri anavyosema. "Kesho pima alasiri, tujue."

"Ndiyo, bwana."

Kesho yake nilitoka na kamba. Nilifika kwenye kona ya korongo, nikasikia sauti zao shimoni, na sauti ya bibi yako katikati. Nilikuwa nimeshamwaibisha mara moja. Ningeweza kumtuma mama yako akapime. Ningeweza kumwita Mbeleje akaishushe kamba yeye. Haya yote nimeyafikiria baadaye, nikiwa nimelala, miaka mingi. Saa ile nilifikiria kitu kimoja. Nikileta fundo moja, mstari mzuri unaharibika, kazi ya miezi inaanza upya, na barua aliyoniahidi ya kunipeleka bomani inaweza isije.

Nikakaa chini ya ukingo. Nikachukua kibuyu changu cha maji ya kunywa, nikaimwagia ile kamba mpaka fundo la tisa. Taratibu, Issa, kwa uangalifu, mstari wa unyevu ukae sawa. Nikaipeleka.

"Tisa," akasema. "Unaona? Imepungua kidogo tu." Akafurahi, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu alitia nukta moja kwenye mchoro wake, ya alasiri. Nukta hiyo moja imo kitabuni. Tarakimu zote za asubuhi ni za kweli, kila moja, naweza kushika msahafu. Ile moja niliitunga. Na hizo za kweli, kwa sababu ya ile moja, zikawa uongo zote.

Niliacha kuandika kidogo. Askari alikuja kuomba moto wa kiko.

Mwaka ambao reli ilikaribia, bwana mkubwa aliniita akanionyesha ukurasa. "Hii ni kazi yako, karani?" Nikasimama wima. "Ndiyo, bwana." Nilijivuna, nakuambia kweli, jina la kazi yangu limechapwa Ulaya. Nilikuwa sijaelewa bado kwa nini kitabu kile kilikuwa kimeletwa na fundi mkuu wa reli aliyekaa pembeni.

Unayakumbuka mengine. Walileta pampu ya kunywesha gari moshi. Walizungushia senyenge sehemu ile ya korongo, wakawaachia wanawake mashimo ya chini, wakisema kitabu kinaonyesha maji yanatosha wote. Kiangazi cha kwanza mashimo ya chini yalikauka. Baada ya wiki chache pampu yenyewe ilianza kuvuta mchanga, ikalia kama punda, ikapasuka. Fundi mkuu akafungua kitabu, akakifunga. Kwa kitabu kile maji hayawezi kuisha. Kwa hiyo lazima watu wameharibu. Wamejaza mchanga kwa makusudi, kwa chuki ya senyenge.

Walikamata wanaume watano. Mjomba wako Ndahani alikuwa wa tatu. Mashauri yalisikilizwa barazani hapa, umbali wa hatua kumi kutoka kiti hiki. Ndahani alisema, "Bwana, sisi hatukutia mchanga. Mchanga ulikuwepo, maji ndiyo hayakuwepo. Muulize shemeji yangu huyo, yeye ndiye aliyepima."

Bwana mkubwa akanigeukia. "Karani?"

Nikasema, "Vipimo viko kitabuni, bwana."

Sikusema uongo, sikia maneno yenyewe, hakuna uongo ndani yake. Nimejifunza kusema hivyo, ni ufundi, na watu wa ofisi wanausifu. Ndahani alipigwa viboko ishirini na tano na kutiwa mnyororoni. Hukumu niliiandika mimi, kwa mwandiko uleule mzuri unaousifu wewe, herufi zote zimesimama sawa. Wakati wa kiboko nilikuwa nakausha wino.

Bibi yako alihama na ng'ombe waliobaki, akaenda Haneti kwa ndugu zake, na mjomba wako alipofunguliwa akamfuata. Mama yako anadhani kaka yake haji kwetu kwa sababu anaogopa boma. Watu wote wa kule wanaamini Wajerumani walinyonya maji. Ni kweli walinyonya. Lakini kuna mtu aliyewaambia yapo, na mtu huyo hula mlo mmoja wa Idi na baadhi yao kila mwaka, wanapokuja kwetu na salamu za jamaa.

Sasa huyu mwanafunzi mpya anakwenda Haneti. Wanataka mahali pa kuchimbia maji mengine. Nilinakili barua yake mimi mwenyewe, nimeisoma. Anasema atafuata njia ileile ya kitabu, kisima kimoja, kamba ya chokaa, saa moja asubuhi. Kisima alichochagua ni cha ukoo wa bibi yako. Na bibi yako, akisikia serikali inataka kupima, atawaambia wanawake wangoje, kwa adabu na kwa hofu, kama alivyozoea. Utashusha kamba, utapata mafundo kumi, utaandika kumi kwa mwandiko wako mzuri, hutakuwa umesema uongo wowote, na mwakani wataleta senyenge.

Lakini wewe si mkwe. Wewe ni mjukuu. Kwako hakuna aibu pale. Unaweza kukaa ukingoni saa yoyote, bibi yako yuko shimoni, na atakachofanya ni kukutukana kwa mapenzi. Nasikia kabisa atakavyosema. "Mume wangu huyo amekuja na kamba! Umeleta mahari au umekuja kuangalia tu?" Mjibu utakavyo, mcheke, halafu mwombe ashike risasi mwenyewe aiweke chini. Pima alasiri. Pima asubuhi kama ulivyoamriwa, usikose, na pima alasiri pia, kila siku, mpaka mvua. Andika safu mbili. Usimwambie bwana maneno ya jumla kama nilivyosema mimi, atakuuliza umepima, na atakuwa na haki. Mpe tarakimu. Nimemtazama huyu kijana, anakuna kichwa anapokuwa hana uhakika. Mtu wa namna hiyo anaweza kusoma safu mbili.

Kisha atafungua kitabu cha kijani, ataona ile nukta yangu ya tisa imekaa peke yake juu, na atajua. Hawezi kukosa kujua, ndiyo kazi aliyosomea. Ataandika kwa bwana mkubwa. Barua itafika mezani kwangu, maana barua zote hufika mezani kwangu, nami nitaigonga muhuri na kuipeleka ndani.

Kwa kudanganya serikali na kuharibu pampu ya reli sijui watanipa nini. Ndahani hakufanya chochote na alipewa ishirini na tano. Naogopa, Issa. Mgongo wangu unasisimka nikiandika hivi. Zipo saa katika siku ambazo natamani upime asubuhi tu, urudi salama, unisalimie, tule. Ningeweza kwenda kugonga mlango wa bwana mkubwa sasa hivi nimalize mwenyewe, ni hatua kumi, na siendi. Nimekaa hapa nakutwisha wewe mzigo wangu, mtoto wangu wa pekee, uubebe pamoja na mlenda. Najua ni jambo gani ninalofanya. Sitafuti jina zuri la kuliita.

Ukiandika safu mbili, umenipeleka. Andika safu mbili.

Ameamka, nasikia kikohozi. Nimebakiza machache.

Nimesoma tena mwanzo wa barua hii. Karani hafuti na hakwangui karatasi, anachora mstari juu ya neno lililokosewa na kutia sahihi pembeni. Utaona pale nilipokuambia uchome nimechora mstari, na sahihi yangu ipo. Usichome. Kama bwana wako hatakiamini kipimo cha mtoto, mpe barua hii, ina mwandiko uleule ulio kwenye daftari za Bwana Kamba, alinganishe. Kabla ya kumpa, msomee mjomba wako Ndahani. Msomee yote, usiruke pale nilipokuwa nakausha wino.

Kunipata ni hivi. Usiandike kupitia boma. Mpe barua yeyote anayeleta ngozi mnadani kutoka Haneti, amwachie fundi cherehani Mrangi mwenzangu karibu na stesheni, yule mwenye jicho moja, hataifungua. Ukiniandikia usiweke maneno, weka safu mbili tu, nitaelewa. Ukija mwenyewe kabla ya mvua, nitafute nyumbani. Ukija baada ya hapo na hunioni nyumbani wala ofisini, usiulize bomani. Nenda barabara ya Nzuguni, mahali wafungwa wanapovunja mawe ya reli. Saa tisa alasiri huwapumzisha, na askari huwaruhusu jamaa kusogea. Mimi nitakuwa wa kutambulika, nitakuwa mwenye mikono laini. Njoo na kibuyu.

Baba yako